Maji ya Mkuu wa Mkoa

Nilikuwa natoka kuteka maji, basi. Ndoo moja mkono huu, nyingine mkono huu, jua limeshaingia nyuma ya majabali, na moshi wa jikoni umelala juu ya mapaa ya Podvrelje kama ulivyozoea kulala jioni za vuli.

Nikasikia gari nyuma yangu.

Mwaka ule wa vita, wa arobaini na moja, mji wetu ulikuwa na gari moja tu lililothubutu kutembea saa kama hizo. Sikugeuka. Niliinamisha macho nikaendelea na njia yangu, kama sote tulivyojifunza kutembea tangu serikali mpya ituingilie.

Gari likapunguza mwendo. Likawa sambamba nami.

"Mama Hasnija."

Alikuwa Pave, dereva, mtoto wa mhunzi wa mtaa wa chini. Zamani alikuwa mtu wa mizaha. Jioni ile hakucheka.

"Weka ndoo chini, mama. Bwana Mkuu anakuita."

"Mimi? Nimefanya nini?"

"Hujafanya kitu. Kachukue vyombo vyako vya risasi."

Kwetu Hercegovina, mtu akipatwa na hofu ikamkalia, akawa halali, hali, anashtuka na kivuli chake, hupelekwa kwa mama wa kumimina risasi. Nasema risasi, yale madini laini ya kijivu, si ya bunduki. Ingawa mwaka ule hata mimi sikuwa na nyingine ila ya bunduki. Mgonjwa hufunikwa shuka jekundu. Risasi huyeyushwa kwenye upawa wa chuma, ikamiminwa ndani ya bakuli la maji lililoshikwa juu ya kichwa chake, kisha mbele ya kifua, kisha juu ya miguu. Risasi hulia ikigusa maji. Hupasuka, huganda, na umbo lake ndilo linalosema mtu ametishwa na nini. Mbwa. Moto. Mume mlevi. Niliwamiminia Waislamu wenzangu, niliwamiminia Wakatoliki, niliwamiminia Waserbia wa Kiorthodoksi. Mama yangu aliyenifundisha alikuwa akisema hofu haina dini.

Lakini nyumbani kwangu kulikuwa na jambo. Nilimwomba Pave abaki garini. Nikaingia, nikafunga mlango kwa mgongo.

"Nani huyo?" sauti ikanong'ona gizani, pembeni ya jiko.

"Nyamaza, bibi. Ni gari la Mkuu."

"Wamekuja kunichukua?"

"Wamekuja kunichukua mimi."

"Afadhali ningekuwa mimi. Ningevua kwanza hii suruali. Sikuzeeka miaka yote hii nije nife nimevaa suruali ya Kituruki."

Huyo ndiye Bibi Simuna. Majirani walimjua kama Fata, shangazi yangu kiziwi aliyetoka Nevesinje. Hakuwa shangazi yangu, hakuwa Fata, na masikio yake yalikuwa makali kuliko ya paka. Alikuwa mama yake Stoja, Mserbia, rafiki yangu wa kitongoji cha mlimani. Nilimvisha suruali pana na ushungi wa kwetu, nikamfundisha kutofanya ishara ya msalaba mbele za watu. Mkono wake ulikuwa ukipanda wenyewe kifuani, naye akiupiga kofi kama anafukuza nzi.

Mwezi wa nane tangazo lilibandikwa. Waserbia wote wa vitongoji vya juu, kaya nzima nzima, wafike shuleni na mablanketi na chakula cha safari. Watapelekwa mahali penye kazi. Sahihi ya chini ilikuwa ya Jerko Vidulin, Mkuu wa Mkoa. Alfajiri ya siku ile Stoja alinijia amembeba mama yake mgongoni. "Miguu yake haiwezi safari," aliniambia. "Kaa naye, dada. Nikirudi nitamchukua." Akaenda na mume wake na watoto.

Malori yaliwapandisha nyanda za juu. Yakarudi matupu kabla jua halijazama.

Kule juu hakuna stesheni. Hakuna barabara inayoendelea. Kuna mawe, mbuzi, na shimo la ardhini ambalo wachungaji wameliita Kiziwi tangu zamani za mababu, kwa kuwa ukitupa jiwe ndani husikii linapofika chini. Sisi wa bondeni tulinyamaza. Tulisema labda kuna njia nyingine upande wa pili. Mtu akitaka kutojua, hapungukiwi na njia.

Nilichukua upawa, bakuli, shuka jekundu. "Usiwashe taa," nikamwambia Bibi Simuna. "Mtu akigonga, wewe ni kiziwi."

"Kiziwi na nina suruali," akasema. "Nenda. Mungu akutangulie. Wako au wangu, atakayewahi."

*

Tulikuwa tumekaribia daraja.

"Anaumwa nini bwana wako?" nikamuuliza.

"Usiniulize, mama. Mimi nashika usukani tu."

"Hata mwezi wa nane ulishika usukani tu?"

Mikono yake ikakaza. Nami nikajuta kwamba nimefungua mdomo.

Huyo Jerko Vidulin sikumjulia kwenye ukuu. Alikuwa wakili wetu wa mji. Kijana mnyoofu, kola nyeupe, daktari wa sheria, na hakuona haya kuketi kwenye mkeka wa marehemu mume wangu kunywa kahawa na kubishana juu ya mipaka ya mashamba. Alitetea Wakatoliki wenzake, alitetea Waislamu, alitetea Waserbia. Aliwahi kuwashindia watu wa akina Stoja kesi ya malisho, wakamletea mwanakondoo. Kisha akajiingiza katika chama kilichopigwa marufuku, akatoweka, ikasemekana yuko Italia. Majeshi ya kigeni yalipouvunja ufalme mwezi wa nne, alirudi nyuma yao amevaa sare nyeusi, na kabla hatujamaliza kushangaa akawa Mkuu wa Mkoa. Sauti yake haikubadilika. Ndiyo ile ile ya wakili, ya kubembeleza, ya kukufanya uone kila kitu kiko kwenye utaratibu. Kwa sauti hiyo alisimama kwenye ngazi za shule siku ile akawaambia watu wasisukumane.

Nyumba aliyokaa ilikuwa ya Lazar, mfanyabiashara wa Kiserbia aliyepelekwa nao. Iko juu kabisa, kichwani mwa chemchemi, pale mto wetu, uliopita chini ya ardhi kutoka kule juu, unapotoka ndani ya jabali. Wao ndio waliokuwa wa kwanza kuyapokea maji. Sisi wengine tuliyateka chini yao.

Mkewe, Bi Luce, alinifungulia mwenyewe. Watumishi walikuwa wamekimbia.

"Ingia jikoni," akaninong'oneza. "Usiseme kwa nguvu. Akisikia sauti hajui kama ni ya mtu au ya…"

Akageuka akaongoza njia.

Jikoni mitungi yote ilikuwa imepinduliwa. Makarai yamepinduliwa. Mtungi mmoja tu ulisimama wima, umefunikwa sahani, na juu ya sahani limewekwa jiwe. Na harufu. Sufu iliyolowa. Mawe ya chini ya ardhi, baridi, yasiyoonja jua.

Mkuu wa Mkoa alikuwa ameketi kwenye kiti, mbali na ule mtungi kadiri iwezekanavyo. Sare ilimpwaya. Midomo ilikuwa imepasuka kama udongo wa kiangazi.

"Hanywi maji," akasema Bi Luce. "Divai tu. Hanawi. Madaktari wa Mostar wamekuja wameondoka. Padri naye kaja kaondoka."

"Mimi ni daktari wa sheria, Bi Hasnija," Vidulin akasema. "Siamini mambo haya."

"Najua, bwana wakili."

"Bwana Mkuu."

"Bwana Mkuu."

"Ni mke wangu ndiye aliyetaka."

"Sawa. Umetishwa na nini?"

Akacheka kidogo, pumzi tu. "Sijatishwa. Ni watu… wananiuliza maswali."

"Watu gani?"

Akautazama mtungi.

"Maswali madogo madogo," akasema. "Ya kijinga. Ungedhani watanitukana. Hawanitukani. Wanauliza kwa adabu."

Sikutaka kujua zaidi. Nilitaka kumimina, kuondoka, na kumkuta Bibi Simuna pale nilipomwacha. Nikamfunika shuka jekundu. Nikatia upawa motoni. Pave alikuwa amenipa risasi kutoka kwenye bastola yake. Alinikabidhi akiwa nje, akakataa katakata kukanyaga kizingiti cha jikoni. Nikaondoa jiwe, nikaondoa sahani, nikajaza bakuli kutoka mtungini. Bi Luce akalishika juu ya kichwa cha mumewe.

Risasi ikayeyuka. Iling'aa kama jicho la samaki.

"Bismillahi," nikasema, nikaimimina.

Haikulia.

Maisha yangu yote sijapata kuona. Moto na maji vimekutana bila hata *sss*. Risasi iliingia, ikazama… ikaendelea kuzama. Niliinama nikatazama. Bakuli lile nalijua, ni la mama yangu, lina ua la bluu chini. Ua sikuliona. Niliona weusi, na risasi yangu ikididimia ndani yake, ndogo, ndogo zaidi, kama nyota inayokwenda zake.

Nikatega sikio niisikie ikifika chini.

Haikufika.

"Umeona nini?" Vidulin akauliza chini ya shuka.

"Bado," nikasema. "Tushushe kifuani."

Nikayeyusha ya pili. Bi Luce alikuwa amefumba macho, midomo inakwenda, ameshika bakuli mbele ya kifua cha mumewe. Nikamimina. Kimya kile kile. Kuzama kule kule.

Kisha kutoka chini, mbali sana, kama mtu anayesema akiwa ndani ya kisima kirefu…

"Bwana Wakili. Tumefika?"

Sauti ya mwanamume. Mzee. Mpole.

Chini ya shuka Vidulin akanyooka. Akajibu. Aliitoa ile sauti yake ya ngazi za shule, nzuri, yenye utaratibu:

"Bado kidogo. Kaeni kwa utulivu."

"Bwana Wakili, tuvue viatu?" Mwanamke sasa.

"Ngojeni mtaambiwa."

"Bwana Wakili, mtoto anaomba maji."

"Huko mwendako yapo. Msisukumane."

Nilielewa kwamba hajui kuwa anajibu. Mdomo ulikuwa ukijibu wenyewe, kama mkono wa Bibi Simuna unavyopanda kifuani. Bi Luce machozi yalimtiririka akiwa amefumba macho vile vile. Aliyasikia haya kila siku. Kila mlo. Kila mara mtu alipomimina kikombe cha maji.

Ningenyamaza. Ningemaliza. Lakini niliinama tena juu ya bakuli, kwa kuwa kati ya zile sauti kulikuwa na moja niliyoijua kama ninavyoujua mlango wa nyumba yangu.

Nayo ikaniona.

"Hasnija?"

Nikainama zaidi.

"Hasnija, dada… Mama amekula?"

Ndipo nilipojua. Yale yote ya njia nyingine upande wa pili… nilijua. Stoja yuko huko. Watoto wako huko. Na huko aliko hana habari kuwa safari imekwisha. Anachowaza ni kama mama yake ametiwa kitu mdomoni.

Nilitaka kusema amekula, Stoja. Amekula uji wa mahindi na maziwa, akalalamika hauna chumvi. Maneno yalifika kwenye meno. Nikayauma.

Shuka jekundu likateremka polepole.

Vidulin alikuwa ananitazama. Haikuwa tena sura ya mgonjwa. Ilikuwa ya wakili aliyesikia shahidi akiteleza.

"Mama gani?" akauliza.

Niliinama nikachochea moto.

"Stoja wa mlimani alikuwa na mama," akasema taratibu. "Mlemavu wa miguu. Niliwasimamia kesi yao. Siku ile shuleni hakuwepo. Niliambiwa amekufa." Akapangusa midomo iliyopasuka. "Kumbe ana mlo, Bi Hasnija. Nani anampa?"

Upawa ulikuwa bado mkononi mwangu. Nje nilimsikia Pave akikohoa kando ya gari. Kwa kosa kama langu watu walikuwa wakipigwa risasi ukutani, na nyumba kuchomwa moto. Kisha nikaona mikono ya Vidulin. Ilikuwa imeshika shuka kama mtoto anavyoshika nguo ya mama yake.

"Imebaki mara moja, Bwana Mkuu," nikasema. "Ya miguuni. Hiyo ndiyo ya kufunga."

"Basi imimine."

"Mkono wangu unatetemeka. Risasi ikimiminwa na mkono unaotetemeka, haifungi, inafungua."

"Utulize."

"Nina shangazi yangu mgonjwa. Ndiye anayeutetemesha. Angekuwa ng'ambo ya mto, upande wa Waitaliano, ungetulia."

Upande ule majeshi ya Italia hayakuruhusu sare nyeusi kuwagusa watu. Kila mtu alijua hilo.

Vidulin akacheka kweli safari hii, na mpasuko wa mdomo ukatoa damu. "Uwakili umejifunza wapi, mama?"

"Kwako. Ukinywa kahawa ya mume wangu."

"Bwana Wakili," bakuli likasema. "Tumefika?"

"Bado kidogo," akajibu, akashtuka, akajipiga kiganja mdomoni.

"Mpe!" Bi Luce akalia. "Mpe, Jerko! Mpe kizee chake! Mimi siwezi siku nyingine na haya!"

Vidulin akampigia Pave kelele dirishani. Amlete shangazi ya Bi Hasnija, amweke garini, na nikishamaliza kumimina, atuvushe daraja la Waitaliano sote wawili. Mimi nikasisitiza nimwone kwanza kwa macho yangu, akiwa hai, ndipo nimimine. Wakili alikuwa wakili. Alijua kwa nini nasisitiza.

Nikatia risasi ya tatu upawani, nikauweka motoni, tukangoja.

Sijui ni muda gani. Bi Luce aliweka bakuli mezani, akakaa chini akiziba masikio kwa vidole. Hakuna aliyetazama maji. Maswali yaliendelea, ya chini chini, mengine ya watoto. Je, mbuzi wamefungiwa? Blanketi nimpe nani? Kuna dada yangu hapa? Na yule mtu kwenye kiti, jasho linamtoka, anajibu. Bado. Kidogo tu. Hivi punde. Mtaambiwa. Alikuwa na jibu kwa kila mmoja.

Gari likarudi. Mlango wa gari ukafunguka. Kisha nikasikia kishindo, na Pave akibembeleza:

"Bibi, subiri humu humu! Wewe huwezi kutembea, bibi!"

"Niachie mkono, mtoto we."

"Hakuna aliyekuita!"

"Nimeitwa."

Alitokea mlangoni mwa jikoni. Mwanamke aliyebebwa mgongoni kama gunia alikuwa amesimama kwa miguu yake, ameegemea mwimo, suruali imejaa vumbi. Ushungi ulikuwa umeanguka mabegani. Hakumtazama Mkuu wa Mkoa wala mimi. Alitazama bakuli.

"Mama?" bakuli likasema.

Bibi Simuna akainua mkono. Haukupigwa kofi safari hii. Ulipanda, ukaandika msalaba mpana, wa kwao, kutoka kulia kwenda kushoto, mbele ya yule aliyetia sahihi tangazo.

"Nipo, mwanangu."

"Mama, tumefika?"

Nilimwona Vidulin akisimama. Kiti kikaanguka. Uso wake ulikuwa umejua jambo kabla sisi hatujalijua.

"Usiwaambie!" akapiga kelele. "Mzuie! Usiwaambie, waambie bado…"

Bibi Simuna alisogea hatua hadi mezani. Aliinama kama anavyoinama mtu juu ya kitanda cha mtoto mwenye homa.

"Mmefika, binti yangu," akasema. "Mmeshafika wote. Tueni mizigo."

*Ting.*

Risasi ilikuwa imegonga chini ya bakuli. Na ya pili. *Ting.* Nikaliona ua la bluu.

Tukabaki tumesimama.

Kisha, barazani, nje ya jikoni, kitu kizito na laini kikawekwa sakafuni. Kama fungu la blanketi lililolowa.

Kingine.

Kingine, karibu zaidi. Na mbao za sakafu zikaanza kulia, moja baada ya nyingine, taratibu, kama nyumba inapoingiwa na watu wengi wenye adabu wasiotaka kusumbua. Miali ya mishumaa ikainama upande mmoja. Ile harufu ya sufu na mawe ikajaa mpaka nikaihisi kwenye ulimi. Sikuona mtu. Naapa sikuona mtu. Lakini mlango ulikuwa wazi, na ukaonekana mwembamba.

"Mimina ya tatu!" Vidulin akasema. Alikuwa amerudi nyuma mpaka ukutani. "Tumekubaliana! Funga!"

Nikatazama upawa. Risasi ilikuwa imeyeyuka, tayari. Mkono wangu haukutetemeka hata kidogo.

Nikaimimina jivuni.

"Ya kufunga ni ya kuzuia watu wasiingie, Bwana Mkuu," nikasema. "Haiwatoi waliokwisha kuingia."

Nilidhani ataita askari. Hakuita. Alikuwa ameshageukia baraza, ameinua mikono, anabembeleza kwa sauti ile ile: "Taratibu… nafasi ipo… msisukumane…"

Nilimshika Bibi Simuna kiunoni. Tulipopita barazani nilitembea upande upande, nikijibana ukutani, sijui kwa nini. Yeye alitembea katikati. Mara moja alisimama, akanyoosha mkono hewani, urefu wa kichwa cha mtoto, akaushusha, akapapasa. Kisha miguu ikamwisha, na Pave akambeba.

Pave alituvusha daraja. Akalizima gari upande wa Waitaliano, akaziacha funguo humo humo, akaenda zake kwa miguu. Sikumwona tena.

*

Msidhani Vidulin aliangushwa na usiku ule. Hilo ndilo linalonikosesha utulivu kuliko yote. Bibi Simuna alikufa Mostar mwaka uliofuata, na nilimzika amevaa sketi yake nyeusi. Stoja hakurudi. Lakini Jerko Vidulin alipandishwa cheo. Kabla ya baridi kuisha aliitwa Zagreb, akawa mkubwa katika wizara, akapewa nishani, picha yake ikatoka gazetini akipeana mikono na wakubwa wenzake. Nilikuwa nikiitazama ile picha. Alikuwa amesimama vibaya, amejikunja bega, kama mtu aliyebanwa sokoni. Pembeni yake hapakuwa na mtu.

Vita vilipokwisha alikimbia na safu za waliokimbia kwenda mpakani kaskazini. Mahakama ilimtafuta. Hakupatikana. Kuna waliosema yuko Amerika ya Kusini anauza ngozi. Kuna waliosema alikufa njiani kwa kuhara.

Kisha, miaka kadhaa baada ya vita, Bi Luce alinitafuta Mostar. Sikumtambua. Mwanamke aliyekonda, koti la kuazima. Alitaka nimmiminie.

"Hulali?" nikamuuliza, kama ninavyomuuliza kila mtu.

"Nalala. Nalala pembeni."

Nikamkaribisha, nikatia upawa motoni. Akanisimulia polepole. Alisema kila mji waliokwenda, mumewe aliomba nyumba kubwa zaidi. Watu wakasema ni tamaa ya cheo. Wakapewa nyumba ya vyumba sita, akasema hakuna hewa. Wakapewa jumba la bwana mmoja aliyefukuzwa, lenye ukumbi wa dansi, akazunguka ukumbi mzima usiku kucha, hakupata pa kukaa. Mezani hakuwa na pa kuweka kiwiko. Hakusikia tena maswali. Hawakumuuliza lolote. Walikuwepo tu.

"Na mwisho?" nikauliza.

"Karibu na mpaka lori la jeshi lilisimama kutuchukua. Lilikuwa tupu, Bi Hasnija. Dereva peke yake, na nyuma mabenchi matupu. Mimi nikapanda. Jerko akachungulia ndani, akavua kofia. Akamwambia dereva, 'Ahsante, limejaa.' Nikamwita. Akaniambia nitangulie. Nikamwona amebaki barabarani, anapisha. Anapisha… anapisha. Mpaka tukakata kona alikuwa hajapata pa kupita."

Risasi ilikuwa imeanza kung'aa kwenye upawa.

"Na wao?" nikasema. "Walibaki naye?"

Bi Luce aliutazama moto. Alikuwa ameketi kwenye benchi langu refu la ukutani, lile linalotosha watu watano kwa raha. Ameketi kwenye ncha yake kabisa, nusu ya paja iko nje, amebana koti magotini asimguse mtu. Sidhani alijua kwamba amekaa hivyo.

Nikauondoa upawa motoni.

Nilimwambia sina dawa yake. Hakubishana. Alishukuru, akanyanyuka, akatoka, akashuka ngazi bila kugeuka nyuma, akapotea kwenye kona ya msikiti.

Nami nikabaki nimeushikilia mlango wazi. Upepo uliingia, moto ukapepea, jirani akanipigia kelele kwamba napoteza joto bure. Nilisimama nimejibana kando ya mwimo, mkono unauma, nangoja, kwa sababu sikujua kama wa mwisho ameshatoka.